Kiwanda Kidogo Kinachovuka Januari: Mwongozo Kamili kwa Wasindikaji wa Nyanda za Juu Kusini

Ukipita mwezi wa saba kwenye mitaa yetu ya viwanda vidogo, iwe Mbeya, Makambako au Iringa, huwezi kuzungumza na mtu bila kupaza sauti. Mashine za kukoboa, za kusaga na za kukamua zinalia kwa pamoja, na magunia yamepangwa hadi nje barazani. Pita tena mwezi wa kwanza. Mvua inanyesha, mashine zimefunikwa turubai, vijana wamerudi vijijini kulima, na mwenye kiwanda amekaa mlangoni anapiga hesabu ya ada za watoto na rejesho la mkopo. Ukimuuliza kulikoni, atakwambia malighafi imepanda bei. Ni kweli imepanda. Lakini ilipanda mwaka jana pia, na mwaka juzi, mwezi uleule.

Mimi nakamua alizeti. Nilianza na mashine moja kwenye chumba cha kupanga, pembeni mwa barabara kuu iendayo Tunduma. Mwaka wangu wa nne msimu ulikuwa mzuri, foleni ya wateja ikawa ndefu, nikakopa na kununua mashine ya pili kwa shilingi milioni 9. Ilifanya kazi miezi mitano. Kufika Januari sikuwa na gunia hata moja stoo, bei ya sokoni ilikuwa imenipita, na rejesho lilikuwa palepale kila tarehe 5. Mwezi wa tatu niliiuza mashine ile kwa hasara. Fedha ileile, kwa bei ya shilingi 50,000 niliyokuwa nanunulia Julai, ingenipa magunia 180. Kwa mauzo yangu ya wakati ule, magunia 45 kwa mwezi, hayo yangenibeba kuanzia Januari hadi Aprili, na Mei alizeti ya mapema huanza kuingia.

Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kinyume na wengi wanavyofanya. Malighafi inatangulia, mashine inafuata baadaye sana. Mifano mingi ni ya alizeti kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua kwa mikono yangu, lakini msaga unga, mkoboa mpunga, mtengeneza jemu na mtengeneza sabuni watajiona humu.

Hatua ya 1: Chora mwaka wako

Chukua karatasi moja kubwa, uigawe miezi 12. Kwa kila mwezi andika vitu vinne: malighafi inapatikana au haipatikani, bei yake, unauza kiasi gani, na ni gharama gani kubwa zinakudai mwezi huo.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, huanza Novemba na kukatika Aprili au Mei. Kwa hiyo mazao mengi makavu huingia sokoni mara moja kwa mwaka. Alizeti ya Isimani, Wanging'ombe na Chunya, mahindi, na mpunga wa Mbarali na Kyela, vyote hujazana sokoni kati ya Mei na Agosti. Mwenye kusindika viazi mviringo au maziwa ana nafuu, kwa kuwa hupata mzigo karibu mwaka mzima. Fundi samani anaweza kudhani hana msimu. Hebu amuulize muuza mbao wa Mafinga jinsi magari yanavyokwama kwenye barabara za mashambani mvua ikikolea.

Kuna tarehe moja ambayo wasindikaji wa mafuta huisahau kwenye karatasi hii. Bajeti ya serikali husomwa bungeni mwezi Juni na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Nchi yetu bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje, hasa ya mawese, na ushuru wa mafuta hayo ukishushwa au kupandishwa, bei ya alizeti ya mkulima hutikisika msimu huohuo wa mavuno. Siku ile mimi hukaa karibu na redio, na sinunui mzigo mkubwa kabla haijasomwa.

Karatasi hii ibandike ukutani, kila mwisho wa mwezi andika bei halisi. Baada ya miaka miwili utakuwa na kitu ambacho dalali hawezi kukudanganya nacho.

Hatua ya 2: Jua gunia moja linakulipa nini

Hapa ndipo ninapoomba usiwe na haraka. Wengi wetu tunajua tumeuza kiasi gani kwa siku, lakini hatujui gunia moja limebakiza nini. Tufanye hesabu pamoja. Bei ni za mfano, weka za kwako.

Gunia la alizeti la kilo 60 unalinunua 50,000. Mashine ikitoa asilimia 25, unapata kilo 15 za mafuta. Kumbuka kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji, lita moja ina uzito wa kama kilo 0.92, kwa hiyo kilo 15 ni lita 16.3. Mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua, yanakuwa kama kilo 40, na kilo 5 zilizobaki ni vumbi, mawe, unyevu na masimbi yanayotuama kwenye tangi. Ukiuza mafuta 4,500 kwa lita unapata 73,350. Mashudu kwa 400 kwa kilo ni 16,000. Jumla 89,350.

Sasa toa. Alizeti 50,000. Usafiri na kupakua 3,000. Umeme 2,000. Vibarua na opereta 4,000. Madumu na lebo 5,000. Kuchakaa kwa mashine 1,500. Pango, mlinzi na mengineyo 3,000. Jumla 68,500. Gunia limekuachia 20,850.

Lete hesabu hiyohiyo Januari. Alizeti imefika 70,000, lakini mafuta yamepanda hadi 5,000 tu, kwa sababu mteja akiona bei kubwa anahamia kwenye mafuta ya mawese. Mapato ni 81,500 ya mafuta na 16,000 ya mashudu, jumla 97,500. Gharama ni 88,500. Umebakiwa na 9,000.

Angalia vizuri mambo mawili kwenye tarakimu hizo. La kwanza, ondoa mashudu. Julai unabakiwa na 4,850, Januari unapata hasara ya 7,000 kwa kila gunia. Faida yako iko kwenye mashudu, yaleyale ambayo wakamuaji wengi humwachia mfugaji kwa bei yoyote ili yaondoke stoo. Msaga sembe ajiulize vivyo hivyo kuhusu pumba, na mwenye karakana ya mbao ajiulize kuhusu maranda na vipande.

La pili, gunia ulilolinunua Julai kwa 50,000 ukalikamua Januari linakuachia 29,000. Tofauti na aliyenunua Januari ni 20,000 kwa gunia. Kwa magunia yangu 180, hiyo ni milioni 3.6 ambayo niliitupa kwa kununua chuma.

Kwenye hesabu yako weka mshahara wako mwenyewe. Mwenye kiwanda anayechota kwenye droo kila anapohitaji hawezi kujua kama kiwanda kinapata faida au kinaliwa taratibu. Jipangie kiasi, kichukue tarehe moja kila mwezi, na fedha ya kiwanda ikae kwenye akaunti au laini yake peke yake. Shemeji akija na shida, asaidiwe kutoka kwenye mshahara wako.

Hatua ya 3: Hesabu magunia ya kuvukia

Kanuni ni nyepesi. Chukua mauzo yako ya mwezi, uyazidishe kwa miezi ambayo malighafi haipatikani kwa bei inayokulipa. Kama unauza mafuta ya magunia 45 kwa mwezi, na kuanzia Novemba hadi Mei bei haikulipi, unahitaji magunia 315. Kwa 50,000 ni shilingi 15,750,000. Usiogope tarakimu hiyo. Mwaka wa kwanza lenga miezi miwili, wa pili minne. Mimi ilinichukua misimu mitatu kufika.

Namna ya kununua. Gawa fedha yako mafungu matatu. Fungu la kwanza nunua mavuno yanapoanza, lakini hapo alizeti bado ina maji, itabidi uianike. La pili, ambalo liwe kubwa kuliko yote, nunua Julai na Agosti. La tatu libaki akiba hadi Oktoba, kwa mkulima aliyehifadhi na sasa anahitaji fedha ya mbegu na mbolea.

Nunua kwa kilo. Mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na ina stika ya mwaka huo, na mkulima aione namba kwa macho yake. Lumbesa ni kosa kisheria, na hata kama isingekuwa kosa, ni dhuluma kwa mtu aliyelima miezi sita. Kuna mzee mmoja wa Wanging'ombe ambaye mwaka wa kwanza aliniuzia magunia manne. Alikuta tunapima mbele yake, kilo kwa kilo. Sasa kila Juni anakuja na majirani zake, gari zima, na hawapiti kwanza kwa mnunuzi mwingine.

Namna ya kutunza. Alizeti ya kukaa miezi sita iwe na unyevu usiozidi asilimia 9. Kipimo cha unyevu kipo madukani, na kikundi cha wasindikaji watano mnaweza kuchanga mkanunua kimoja. Msaga mahindi asiye na kipimo anaweza kutumia chumvi: weka mahindi robo chupa kavu ya kioo, ongeza kijiko cha chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Mahindi ya ghalani yanatakiwa yawe chini ya asilimia 13.5, na suala hili si la uzito tu. Yakihifadhiwa yakiwa na maji yanaota ukungu unaoleta sumukuvu, sumu ambayo kupika ugali hakuiondoi.

Panga magunia juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta kiasi mtu apite. Alizeti ina mafuta ndani, ikiwekwa mbichi hupata joto yenyewe kwa yenyewe. Kila Jumamosi asubuhi mimi hufungua magunia kadhaa na kuzamisha mkono hadi kiwiko. Asubuhi ya Mbeya ni ya baridi, kwa hiyo ukikuta katikati ya gunia kuna uvuguvugu kama wa kikombe cha chai kilichosahauliwa, hilo lina tatizo. Litoe, lianike siku hiyohiyo, na angalia majirani zake waliolizunguka.

Kama mtaji hautoshi, kamua kwa malipo. Mkulima analeta alizeti yake, unamkamulia, anakulipa kwa kilo au anakuachia mashudu. Faida ni ndogo lakini hujaweka shilingi kwenye malighafi, mashine haikai bure, na mashudu unayakusanya. Wapo wanaodharau kazi hiyo. Kwangu ndiyo iliyolipa pango miaka miwili ya mwanzo.

Hatua ya 4: Mkopo ulingane na msimu

Kukopa si vibaya. Kibaya ni kukopa fedha inayotakiwa kurudi kila mwezi wakati yenyewe imelala kwenye magunia hadi Januari.

Kabla ya kusaini, uliza swali moja: riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki, au kwenye mkopo wote hadi mwisho? Tuseme umekopa milioni 10 kwa mwaka, riba asilimia 2 kwa mwezi kwenye mkopo wote. Utalipa riba milioni 2.4, na kila mwezi utarejesha kama 1,033,000. Lakini fedha yao unapunguza kila mwezi huku riba haipungui. Ukiihesabu kwenye deni linalobaki, unalipa karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Tangazo lilisema mbili.

Omba mkopo wa malighafi ambao mtaji unarudi kwa mkupuo baada ya kuuza. Kwa asilimia 2 kwa mwezi, gunia la 50,000 lililokaa miezi sita limekula riba ya 6,000. Tofauti ya bei tuliyoiona ni 20,000. Ukitoa riba, gharama ya stoo na kilo zinazopungua kwa kukauka, bado linakulipa. Hesabu hiyo iandike kwenye karatasi na uende nayo kwa afisa mikopo. Wanaosikiliza wapo, hasa wakiona umekuja na bei zako za miaka miwili.

Anza kwenye fedha rahisi. Halmashauri zote hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, nao wana mfuko wao wa mikopo kwa wajasiriamali wadogo. Fedha hizi huchelewa, kwa hiyo anza maombi Januari ili zikufikie Julai, usisubiri mavuno yaanze.

Hatua ya 5: Mashine moja, itunzwe kama ng'ombe wa maziwa

Shika mashudu yanapotoka kwenye mashine, yabane kiganjani. Yakivunjika makavu kama biskuti, sawa. Yakikuachia mng'ao wa mafuta mkononi, skrubu imelika. Mashine nzuri huacha kama asilimia 8 ya mafuta kwenye mashudu, iliyochoka huacha 12 na zaidi. Asilimia 4 za kilo 40 ni kilo 1.6, yaani lita 1.7 na ushee, karibu shilingi 7,800 kwa kila gunia. Ukikamua magunia 45 kwa mwezi, umepoteza zaidi ya 350,000 unazompa mfugaji bila yeye kujua. Kujaza skrubu kwa kuchomelea na kuikereza upya hakufiki fedha hiyo.

Adui wa skrubu ni mawe na misumari. Weka chekeche na sumaku mahali alizeti inapoingilia. Sumaku ya spika iliyokufa inatosha.

Umeme wa fezi tatu una hatari yake msimu wa mvua. Fezi moja ikikatika, mota huendelea kunguruma kwa sauti nzito, inapata joto, na baada ya muda mfupi waya zimeungua. Funga kinga ya fezi. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kusuka mota. Na mfundishe kijana wa mashine sauti hiyo, ili aizime kwanza ndipo akuite.

Spea za kukaa nazo stoo: beringi seti moja, mkanda mmoja, skrubu moja, vitambaa vya kuchujia. Kwa vyuma vinavyohitaji kukerezwa au kutengenezwa upya, SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973, lina vituo vya teknolojia Mbeya na Iringa. Mafundi wetu wa mitaani nao wanaweza, ukiwapelekea kipande kama sampuli na si maelezo ya mdomo. Unaponunua mashine, uliza kwanza nani hapa mjini anatengeneza skrubu yake. Kama hakuna, iache.

Mkanda ufunikwe kwa wavu wa chuma. Hili si la kusubiri mkaguzi wa usalama kazini wa OSHA. Kanga au mkono wa koti ukinaswa, hakuna hesabu ya gunia itakayorudisha kidole cha mtoto wa mtu.

Hatua ya 6: Ubora katika baridi na mwinuko wetu

Maelekezo mengi ya usindikaji yameandikwa kwa watu wa pwani. Huku tuko juu, na maji hayachemki kwenye nyuzi 100. Mji wa Mbeya uko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hapo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Iringa ni kama 95, Njombe hushuka zaidi. Mtengeneza jemu anayefuata kijitabu kinachosema "pika hadi nyuzi 104 au 105" atapika hadi jemu iwe nyeusi na ngumu kama lami. Kipimo sahihi ni nyuzi 4 hadi 5 juu ya maji yanavyochemka jikoni kwako. Pima maji kwanza siku hiyo, ukipata 94, jemu yako inaiva kwenye 98 au 99. Kwa sababu hiyohiyo, chupa za mchuzi wa nyanya na juisi zinazosafishwa ndani ya maji yanayochemka zinahitaji dakika zaidi ya zilizoandikwa, kwa kuwa moto wetu una nguvu ndogo ya kuua vijidudu. Mama zetu wanajua hili kwenye maharage, yanavyochelewa kuiva huku.

Kwa wakamuaji, shida ya baridi ni ukungu kwenye chupa. Mwezi wa sita wateja huanza kurudisha mafuta wakisema yamechanganywa. Hayajachanganywa. Ganda la alizeti lina nta, na nta hiyo hujitokeza mafuta yakipoa. Chovya chupa kwenye maji ya moto mbele ya mteja, ukungu unayeyuka akiona. Dawa ya kudumu ni kuitumia baridi ileile: Juni hadi Agosti acha mafuta yatulie kwenye tangi lililofunikwa, sehemu yenye ubaridi, wiki mbili au tatu bila kuguswa. Nta inashuka chini. Fungua bomba lililo juu ya masimbi, chuja taratibu, jaza. Mafuta hayo hata yakipelekwa kwenye baridi ya Makete hayatachafuka haraka.

Usipange chupa angavu juani kando ya barabara. Zinapendeza, ila mafuta yanachacha.

Hatua ya 7: Karatasi

Hapa sitakaa sana, ila fuata mpangilio. Pata TIN kutoka TRA, haina malipo. Sajili jina la biashara BRELA kwa mtandao, namba ya NIDA iwe tayari. Chukua leseni ya biashara halmashauri. Kwa mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka, kodi hukadiriwa kwa mauzo, na mwenye mauzo madogo anayetunza kumbukumbu hutozwa chini ya asiyetunza. Hesabu zako za Hatua ya 2 zimeshaanza kujilipa.

Tangu 2019 usajili wa vyakula na majengo ya kusindikia uko TBS, yaani Shirika la Viwango. Usiende TBS kabla ya kupita SIDO mkoani kuchukua barua ya utambulisho, kwa maana serikali hubeba gharama za alama ya ubora kwa wajasiriamali wadogo waliotambuliwa. Wasindikaji wa mafuta na unga wa mahindi waulize pia kuhusu kuongeza virutubishi, ambako kuna kanuni tangu 2011.

Alama ya ubora usiichukulie kama pambo. Shule, hoteli na maduka makubwa hawaanzi mazungumzo bila hiyo.

Hatua ya 8: Kuuza bila kugeuka benki ya wenye maduka

Viwanda ninavyovijua vilivyokufa vikiwa na wateja wengi, vilikufa kwa madeni ya dukani. Unapeleka madumu 20 soko la Mwanjelwa, mwenye duka anasema pita Ijumaa. Ijumaa anachukua mengine 20, analipa ya 10. Kufika Oktoba una milioni tatu mitaani, na ndio mwezi wa fungu lako la mwisho la malighafi.

Utaratibu wangu ni huu. Mzigo wa kwanza ni fedha taslimu, hata iwe kopo moja. Mteja akishanunua mara tatu, anaweza kuchukua mzigo mmoja kwa mkopo, na mzigo wa pili hauji hadi wa kwanza ulipwe wote. Jumla ya madeni yote mitaani haizidi mauzo ya wiki mbili. Nimepoteza wateja kwa msimamo huo. Waliobaki nawafahamu kwa majina na wananilipa.

Mama lishe usiwapuuze. Mmoja hununua lita 5 kwa wiki, mvua au jua, na analipa kwa fedha ya siku hiyo. Ukiwa na mama lishe 30, una lita 150 za uhakika kwa wiki. Mzunguko huo unaufanya kwa bodaboda moja asubuhi mbili.

Maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale nenda ukiwa na lengo moja: kupata wanunuzi watano wa jumla na namba zao. Kwa wanaotazama ng'ambo ya mpaka, Tunduma na Kasumulu ziko karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Zambia na Malawi tuko nazo SADC, kwa hiyo ulizia cheti cha uasili wa bidhaa cha SADC kabla hujapakia, ili mteja wako asitozwe ushuru usiostahili. Na usisahau kwamba chupa tupu kutoka Dar hupanda mlima wa Kitonga zikiwa zimebeba hewa. Agizeni pamoja watatu au wanne, mjaze gari.

Hatua ya 9: Watu wa Januari

Opereta mzuri anajua kwa sikio kama alizeti iliyoingia ni mbichi. Ukimwachisha Desemba kwa kuwa hakuna kazi, Mei unaanza na mgeni, na mgeni atakuharibia skrubu. Magunia ya kuvukia ndiyo yanayomweka. Kama bado hayatoshi, mpe Januari kazi ya kufungua mashine, kusafisha tangi, kupaka rangi, kusuka vitambaa vya chujio, kwa nusu mshahara mliyokubaliana mapema. Muandikishe NSSF. Kijana anayejua ana akiba mahali hasikilizi kila anayemwita akachimbe dhahabu Chunya.

Hatua ya 10: Lini uongeze mashine

Foleni ya Julai isikudanganye, kila mtu ana foleni Julai. Jibu liko Februari. Ingia stoo, hesabu magunia. Kama yaliyopo yanafika Mei, kama mashine yako ya kwanza imefanya kazi siku 20 au zaidi kila mwezi tangu Novemba, na kama madeni ya mitaani yako chini ya wiki mbili, basi una sababu ya kuongeza.

Hata hivyo, kwanza tafuta kazi inakokwama. Simama kiwandani siku nzima, uone ni wapi mzigo unasubiri. Kwangu haikuwa kukamua hata kidogo, ilikuwa kuchuja. Mafuta yalikaa kwenye mapipa siku nne yakisubiri kitambaa kimoja, na mimi nilikuwa nimenunua mashine ya pili ya kukamua. Nilipopata chujio la sahani, mashine ileile moja ilitoa mzigo wa kuuza karibu mara mbili ya awali.

Mashine ya pili nilirudi kuinunua mwaka wa nane. Iliteremshwa kwenye gari tarehe 20 Februari, mvua ikinyesha, na vijana walihangaika kuipitisha mlangoni kwa sababu stoo ilikuwa na magunia 260.